Safu ya Ushauri: Siagi Inalia, Jirani Hana Kosa

"Mshauri, niliona kwenye simu namna ya kutengeneza siagi ya majani ya bustanini. Nikachukua siagi ya maziwa ya ng'ombe wetu, nikaikatia giligilani, mnanaa na vitunguu saumu, nikatia chumvi, nikaifungia kwenye chupa ya kioo. Siku ya kwanza ilisifiwa na ukoo mzima. Siku ya tatu ilikuwa inalia machozi: maji juu, maji chini, na harufu ambayo siwezi kuiandika kwenye barua ya heshima. Mama mkwe anasema ni jicho la jirani, maana jirani ndiye aliyesifu kuliko wote. Nifanyeje? Ni mimi, Aliyeliliwa na Siagi, Inyonga."

Mwanangu, kabla ya yote kamsalimie huyo jirani, na ukiweza mpelekee kibakuli cha mtindi, maana amebebeshwa kesi isiyo yake. Siagi yako haikupigwa jicho. Ilitiwa maji, na aliyeitia ni wewe, kwa mkono wako, pamoja na yale majani. Safu hii imepokea barua nne za siagi ya majani, kutoka Inyonga yenyewe, Kamsisi, Ilunde na Utende, na ingawa kila mmoja analia kivyake, ugonjwa ni mmoja. Jibu basi litakuwa moja, refu, mtagawana wenyewe: katika joto la wilaya yetu ya Mlele, siagi iliyochanganywa na majani mabichi ni chakula cha siku ileile, na anayetaka kuiweka hana budi kuigeuza samli. Wenye haraka wanaweza kuishia hapa. Wabishi, na barua zenu zinaonyesha mpo, tuendelee.

Siagi si mafuta matupu. Viwango vya kimataifa vya chakula, vile vya Codex, vinaitaka iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Chukua robo kilo: ndani yake mna gramu 40 hivi za maji, yametawanyika kwa matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Chumvi uliyotia, tuseme kijiko cha chai kisichojaa, gramu 5, haiyeyuki ndani ya mafuta. Yote inakimbilia kwenye matone hayo. Kwa hiyo ingawa ulimi unaona chumvi ya kawaida tu, kila tone limekuwa maji ya chumvi yenye nguvu ya asilimia 11 hivi, na vijidudu wengi hawapendi kuishi humo. Mpaka hapo siagi inajilinda yenyewe. Sasa leta giligilani. Jani bichi la giligilani lina maji asilimia 92. Konzi yenye uzito wa gramu 30 inaingiza karibu gramu 28 za maji mapya, na chumvi ileile uliyotegemea ikulinde ndiyo inayoyavuta kutoka kwenye jani lililokatwakatwa. Maji yamepanda kutoka gramu 40 hadi 68, na nguvu ya chumvi imeshuka mpaka asilimia 7. Hesabu hiyo mwonyeshe mama mkwe kwa adabu, ikiwezekana baada ya kula. Hayo machozi uliyoyaona ni giligilani yako inarudisha maji uliyoimwagilia jioni.

Kama hasara ingekuwa harufu tu, safu hii isingetumia wino mwingi. Ila umetaja vitunguu saumu, na hapo lazima tusimame. Kitunguu saumu hukua ardhini, na ardhini ndiko wanakokaa bakteria wa botulizimu, ambao hujifungia katika hali ya spora na kusubiri mahali pasipo hewa, pasipo ukali wa ndimu wala siki, na penye maji. Kipande cha kitunguu saumu kilichozamishwa ndani ya mafuta na kuachwa kwenye joto kinawapa vyote hivyo kwa mkupuo. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa sumu hiyo, na chanzo kilikuwa vitunguu saumu vilivyokatwakatwa na kutiwa ndani ya mafuta, vikatumiwa mgahawani bila kuwekwa kwenye baridi. Sumu hii haina haja ya kutangaza kwa harufu. Bakteria hao huzuiwa na maji ya chumvi ya asilimia 10. Rudi kwenye hesabu ya juu uone siagi yako ilikuwa upande gani wa mstari kabla ya majani, na ilihamia wapi baada ya majani. Kwa hiyo ile chupa usiionje ili kuhakikisha, usimpe kuku, usimpe mbwa wa jirani (umeshamsumbua vya kutosha). Fukia.

Dawa yake inajulikana Afrika Mashariki nzima, na ajabu ni kwamba imebidi simu itufundishe njia ya Ulaya wakati ya kwetu ipo jikoni. Samli, kwa viwango vilevile vya Codex, ina mafuta yasiyopungua asilimia 99.6, na maji karibu hakuna. Moto haukuua kila kitu humo. Spora za botulizimu hustahimili hata maji yanayochemka. Moto umefanya jambo bora zaidi, umewanyima maji, na pasipo maji hakuna kidudu anayezaa. Ndiyo maana katika karne ya 19 majahazi yaliweza kubeba samli kutoka pwani ya Banadiri hadi Unguja, siku nyingi baharini chini ya jua, ikafika ikiwa chakula. Halua ya Oman nayo, iliyojaa sukari na samli, hukaa kwenye kijaluba bila friji. Na anayedhani samli na majani havipatani awaulize Wahabeshi. Wao huchemsha siagi pamoja na iliki yao ya msituni, uwatu, binzari, kitunguu saumu na tangawizi, pamoja na majani mawili yenye harufu kali wanayoyaita koseret na besobela, kisha huchuja na kuweka. Wanaiita niter kibbeh, na bila hiyo mchuzi wao wa kuku haukamiliki. Hiyo ndiyo siagi ya majani ya nchi ya joto, imeshapita mtihani kwa vizazi vingi. Ile ya kwenye simu ilizaliwa kwenye nchi ambako hewa ya jikoni nusu ya mwaka ni friji ya bure.

Namna ya kuifanya haihitaji chombo ambacho Inyonga hakipatikani. Maziwa yachemshwe kwanza, wala tusibishane kuhusu hilo: homa ya brusela, ambayo wafugaji wanaijua zaidi kama ugonjwa wa kutupa mimba, hupitia maziwa mabichi, na vimelea vyake vinaweza kubaki hai ndani ya siagi iliyotokana na maziwa hayo. Yakipoa yatiwe vijiko vya mtindi mzuri, yagande, kisha yasukwesukwe kwenye kibuyu alfajiri kabla joto halijapanda, kwa sababu siagi laini haikusanyiki. Inajipaka tu kwenye kuta za kibuyu na kukuacha na mkono unaouma. Siagi ikitokea ioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, mara kadhaa, mpaka maji yatoke maangavu bila maziwa, halafu ikamuliwe kwa mwiko. Majani nayo yavunwe asubuhi, yaoshwe, yaanikwe kivulini mpaka yanyauke. Sufuria iwe na chini nzito, moto mdogo wa mkaa. Siagi ikiyeyuka tia majani mapema, wakati bado inatokota, na tega sikio. Kile kinachotatarika ni maji yanayotoka, ya siagi na ya majani pamoja. Maadamu maji yapo, joto la sufuria haliwezi kupita sana nyuzi 100. Yakiisha, joto linaruka ghafla, na hapo ndipo wengi huunguza. Sauti ikififia, povu likawa dogo, mashapo chini yakawa rangi ya karanga iliyokaangwa, na jani likivunjika kwa ukucha kama jani kavu la tumbaku, epua. Chuja kwa kitambaa safi kikavu, mimina kwenye chupa iliyokauka kabisa, na usifunike mpaka ipoe, la sivyo mvuke utageuka matone chini ya kifuniko na utakuwa umerudisha kwa mlango wa nyuma kile ulichokitoa kwa mbele. Majani yaliyochujwa na mashapo yaliwe jioni hiyohiyo na ugali, hayo hayawekwi.

Sasa aje Mwalimu wa Kamsisi, aliyeandika kurasa tatu na kutoa namba kila hoja, tabia ya walimu. Anasema kwanza kwamba ushauri wa samli ni wa enzi za giza, kwani sasa laini ya kilovolti 132 imetoka Tabora, ikapita Ipole na Inyonga hadi Mpanda, na kituo cha kupoza umeme kiko hapahapa Inyonga. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru katika mkoa ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Lakini Mwalimu, kituo cha kupoza umeme kinapoza umeme, hakipozi siagi. Kati ya waya wa gridi na siagi yako kuna nguzo, kuna luku, kuna bei ya friji, na kuna watoto wanaofungua mlango wa friji kila dakika kutazama kama soda imepata baridi. Mwenye friji inayofanya kazi usiku na mchana aitumie, na siagi yenye majani atailinda siku tatu nne kwenye baridi ya nyuzi 4, akitaka zaidi aigandishe. Hatujamkataza. Tunasema tu kwamba umeme ukikatika asubuhi na kurudi jioni, samli haitajua kama kulikuwa na habari yoyote, na siagi itajua.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi: kwamba Wafaransa, ambao hakuna anayewabishia kuhusu siagi, huikanda siagi baridi na majani ya pasli na maji ya limau bila kuipitisha motoni, na kwamba moto unaua harufu ya jani bichi. Nusu ya pili ya hoja hiyo tunamkubalia bila kinyongo. Giligilani na mnanaa vina harufu nyepesi inayoruka upesi. Vikichemshwa ndani ya samli hubaki kivuli cha vyenyewe, na aliyewahi kula giligilani iliyoiva sana anajua inaelekea kwenye ladha ya majani tu. Hayo yatumike mabichi, yakatwe mezani, yanyunyizwe juu ya samli iliyokwisha kumiminwa kwenye wali au viazi. Ila bustani haina hayo mawili peke yake. Mrehani, kivumbasi, mchaichai, rozimari, tangawizi na hicho kitunguu saumu chenyewe vina mafuta ya harufu yanayoyeyuka vizuri ndani ya mafuta na kukaa humo. Rozimari ina faida ya ziada: hata ikiwa mbichi maji yake hayafiki asilimia 70, kwa hiyo inakauka upesi sufuriani kabla mafuta hayajachoka. Kuhusu Wafaransa, Mwalimu angalia siagi yao inakokwenda. Inawekwa juu ya kipande cha nyama ya moto iyeyuke palepale mezani, na kabla ya hapo ilikuwa kwenye baridi. Hata wao hawaiachi dirishani siku tatu, sembuse dirisha la Kamsisi mwezi Oktoba. Limau nalo linasaidia kwa ukali wake, hapo yuko sahihi, lakini mafuta huzuia ukali huo usifike katikati ya kipande cha kitunguu, tena juisi ya limau ni maji pia. Anayetaka siagi mbichi yenye saumu ailoweke saumu ndani ya ndimu au siki kwanza, aikamue, na bado aile siku hiyo. Kuhusu pendekezo lake la tatu, kwamba tutumie Blue Band ya kopo kwa kuwa haiharibiki: haiharibiki ilivyofungwa kiwandani, lakini nayo ina maji ndani, na ukishaikatia majani mabichi ule ulinzi wa kiwandani umeuvunja wewe.

Barua ya Ilunde ni fupi na inaumiza. Mke wa Mfugaji anasema mumewe aliona vipande vya kijani ndani ya siagi akaisukuma sahani, akasema mafuta ya ng'ombe ni ya kujipaka au ya kulia ugali, na yakitiwa majani ni dawa, na dawa lazima ajue imetoka kwa nani na ya nini. Dada, usimkasirikie. Misitu ya miombo ya huku kwetu Ukonongo ilikuwa na ndorobo, na kwa vizazi vingi ndorobo waliwazuia ng'ombe. Wakonongo waliishi kwa shamba, uwindaji na mizinga. Ng'ombe wengi tunaowaona leo wamekuja na wafugaji, hasa Wasukuma, katika miongo ya karibuni, na mila ya kibuyu cha maziwa imekuja nao ikiwa imekamilika, haina nafasi ya kiungo kipya kilichotoka kwenye simu. Mtu aliyekua akijua siagi ni nyeupe au ya manjano ana haki ya kuuliza kuhusu kijani. Na wenyewe mnajua kivumbasi katika nyumba nyingi ni jani la kufukuzia mbu na kutuliza homa kabla halijawa kiungo cha mchuzi. Hapa samli inakusaidia mara ya pili, kwani ikichujwa vizuri haibaki hata chembe ya kijani. Anza na mchaichai, ambao ameshauzoea kwenye chai yake, usianze na kivumbasi. Akiuliza ni nini, mwambie ukweli wote: samli na mchaichai. Safu hii haitoi ushauri wa kumlisha mume kitu kwa kificho; tukifika huko atakuwa amepata sababu ya kweli ya kuogopa.

Wa mwisho ni Mrina Asali wa Utende, na yeye hakuleta shida, ameleta suluhisho. Anataka tutangaze kwamba siagi ya majani ikitiwa asali ya miombo haitaoza, kwa sababu asali haiozi. Mzee wetu, kwa heshima zote, wewe ndiye shahidi mkubwa wa hoja yetu na hujitambui. Kwa nini hurini masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta? Kwa sababu asali hiyo bado ina maji mengi na itachacha ndani ya ndoo. Asali nzuri ina maji yasiyozidi asilimia 20 hivi, na kudumu kwake kunatoka humo, pamoja na ukali wake mdogo. Ukiimimina ndani ya siagi yenye giligilani, asali itafanya kama ile chumvi: itayavuta maji kutoka kwenye majani, itakuwa nyepesi, na hamira zilizolala ndani yake zitaamka. Baada ya wiki utakuwa na pombe yenye mafuta, jambo ambalo hata pale Utende sidhani kama lina wanunuzi. Lakini asali na samli, vyote vikiwa vikavu, vikawekwa chupa mbili na kukutana juu ya kiazi kitamu cha moto, hapo tuko pamoja nawe. Kumbuka tu kwamba havichanganyiki vikakaa. Asali itazama chini, na mteja wa kwanza atapata mafuta matupu, wa mwisho utamu mtupu, na wote wawili watarudi kugomba.

Linabaki swali ambalo Aliyeliliwa aliliandika pembeni ya bahasha: afanye lini? Mvua za Katavi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na maziwa hufuata nyasi. Ng'ombe wa asili, ambaye hata akishiba hutoa lita moja au mbili kwa siku juu ya anazonyonya ndama, kiangazi anakaribia kukauka kabisa. Bustani za bondeni zina kalenda nyingine: giligilani haipendi mafuriko wala jua kali, inastawi vizuri miezi ya baridi, Mei hadi Julai, kwa kumwagiliwa. Wiki ambazo maziwa bado yapo na majani tayari yameanza ni chache, mwisho wa mvua, na hizo ndizo za siagi mbichi yenye majani: itengenezwe alfajiri, ifungwe kwenye jani la mgomba, iwekwe kivulini juu ya mtungi wenye maji, iishe kwa chakula cha mchana, hasa mahindi mabichi ya kuchoma yakiwepo. Kilo moja ya siagi hula lita 20 hivi za maziwa, kwa hiyo haitakuwa nyingi ya kukusumbua. Miezi ya maziwa mengi kabla ya hapo, Januari hadi Machi, fanya samli ya mchaichai na mrehani, ambavyo mvua haivisumbui, uwe nayo Septemba wakati ng'ombe hana kitu na wali unataka mafuta. Chupa ikae mbali na mwanga, na ndani yake kiingie kijiko kikavu tu. Mama mkwe akitaka kuchota kwa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi, mchotee wewe.